Habib Saleh wa Lamu: Sharifu aliyefungua darasa kwa walionyimwa

 

Ndugu Waislamu, Ijumaa moja baada ya swala, hapa Nduruma, alinijia mzee mmoja ambaye maisha yake yote amekula kwa jasho la kibarua katika mashamba ya watu. Alinivuta pembeni akaniuliza swali kwa sauti ya chini, kama mtu anayeomba radhi. Mjukuu wake alikuwa amerudishwa nyumbani kutoka madrasa moja kwa sababu ada ya miezi mitatu haikulipwa. Aliporuhusiwa kurudi, akaketishwa nyuma kabisa, mbali na watoto wa wenye maduka. Mzee hakuja kushitaki. Alitaka kujua tu kama sheria inaruhusu mtoto kusoma Qur'ani kwa deni.

Anayeijua Nduruma ataelewa kwa nini swali lile lilinichoma. Mto wetu unateremka kutoka Mlima Meru. Huko juu wapo wakulima wadogo na mifereji yao, katikati yapo mashamba makubwa ya maua na mboga zinazopelekwa ng'ambo, na chini kabisa wapo wakulima wa tambarare ambao wakati wa kiangazi husubiri zamu ya maji usiku kucha, na mara nyingine zamu ikafika maji yakiwa yamekwisha. Kila aliye mwisho wa mfereji anajua maana ya kungojea kilichobaki. Sasa ikiwa maji tunagawana hivyo, je, na elimu ya dini nayo tuigawe hivyo hivyo?

Mzee nilimjibu niliyomjibu, na mtoto leo yumo darasani pamoja na wenzake. Lakini tangu siku ile nimekuwa nikimkumbuka mwanachuoni mmoja wa pwani yetu ya Afrika ya Mashariki, ambaye jina lake hutajwa kila msimu wa maulidi, ila habari zake wengi wetu hatuzijui. Huyo ni Habib Saleh wa Lamu, Allah amrehemu.

Jina lake kamili ni Sayyid Saleh bin Alawi bin Abdallah, wa ukoo wa Jamalullail. Alizaliwa katika kisiwa cha Ngazija, kikubwa kuliko vyote katika visiwa vya Komoro, katikati ya karne ya 19. Ukoo huo ni wa masharifu waliotoka Hadhramaut, kusini mwa Bara Arabu. Wahenga wao walifikia kwanza Pate, karibu na Lamu, na kutoka huko tawi moja likavuka bahari hadi Ngazija. Kwa hiyo kijana Saleh alipopanda jahazi kwenda Lamu alikuwa akirudi, kwa namna fulani, walikopita babu zake.

Inasimuliwa kwamba safari yake ya kwanza, akiwa bado kijana mdogo, ilikuwa ya kutafuta tiba, na kwamba alifikia kwa ami yake, Sayyid Ali bin Abdallah, aliyekuwa akiishi Lamu. Baadaye akarejea kwao. Lakini mapenzi ya elimu yalimvuta tena, na katika robo ya mwisho ya karne ile akarudi Lamu na kufanya maskani huko hadi kufa kwake. Alisoma kwa wanazuoni wakubwa wa mji, miongoni mwao Sayyid Abubakar bin Abdulrahman al-Husseiny, maarufu kwa jina la Mwenye Mansab, aliyekuwa pia mshairi wa kutajika.

Hapa inafaa tusimame kidogo tuitazame Lamu ya siku zile, kwa sababu bila ya kuujua mji ule hatutafahamu uzito wa alilolitenda mtu huyu.

Lamu ilikuwa chini ya Sultani wa Zanzibar. Upande wa Mkomani zilisimama nyumba za mawe za ghorofa, kuta zake zimechongwa zidaka za kuwekea vyombo vya thamani, na baina ya nyumba na nyumba, juu ya vichochoro, vilijengwa vivukio viitwavyo wikio ili wenye nyumba wapite bila ya kuonekana njiani. Humo waliishi waungwana na masharifu wa zamani. Mwanamke wa kiungwana akitoka nje alitembea ndani ya shiraa, kitambaa kikubwa mfano wa hema, kilichoshikwa juu na watumwa wake. Upande wa Langoni, kusini mwa mji, zilikuwapo nyumba nyingi za udongo na makuti, na humo waliishi wageni, mafundi, mabaharia na watu wa hali ya chini. Ng'ambo ya bahari, bara, yalikuwako mashamba ya mtama na ufuta yaliyoitajirisha Lamu, na waliokuwa wakilima mashamba hayo ni watumwa.

Ilikuwa jamii iliyopangwa kwa ngazi, na kila mtu alifundishwa kuijua ngazi yake tangu utotoni. Ilionekana katika nguo, katika maamkizi, katika nani anampisha nani njiani, na katika ndoa. Tena, na hili ndilo linalotuhusu, ngazi hizo zilionekana katika elimu. Kwa desturi mtumwa alifundishwa kidogo tu: shahada, kutawadha, sura fupi za kuswalia. Fiqhi, nahau, hadithi na tafsiri vilikuwa mali ya watoto wa mabwana, sawa na mashamba na nyumba za mawe. Na kwa kuwa mtumwa hakufundishwa, alibaki mjinga, na kwa kuwa alibaki mjinga, ikasemwa kwamba maumbile yake ndiyo hayo na kumfundisha ni kupoteza wakati. Dhuluma ikajizalia hoja ya kujitetea.

Watu waliosema hivyo walikuwa wakiswali swala tano. Walikuwa wakisoma habari za Salim, mtumwa aliyeachwa huru na jamaa wa Abu Hudhayfa (R.A.), ambaye aliwaswalisha Muhajirina wa mwanzo huko Quba kwa sababu alihifadhi Qur'ani kuwashinda wote, na nyuma yake wakasimama wakubwa wa Kiqureshi. Walimjua Ataa bin Abi Rabah, mtu mweusi aliyezaliwa katika hali duni, ambaye katika zama za Tabiina alikuwa mufti wa Makka, na makhalifa walimwendea kumuuliza. Yote hayo yamo vitabuni. Lakini ada za mji zikikaa muda mrefu huvaa kanzu ya dini, na mtu akizigusa huonekana ameigusa dini yenyewe.

Ndani ya mji huo ndimo alimoanza kufundisha Habib Saleh. Naye alikuwa na kila sababu ya kukaa juu. Nasaba yake ilipanda mpaka kwa Bwana Mtume (S.A.W.), na kwa hesabu za watu wa Lamu hiyo ilikuwa ngazi ya juu kabisa. Angeweza kuketi katika baraza za Mkomani, akafundisha watoto wa waungwana, akaheshimiwa, akatajirika kwa zawadi. Badala yake akaweka makazi yake upande wa Langoni, kwenye mchanga wa kusini mwa mji, katika kibanda cha kawaida, akafungua darasa kwa kila aliyetaka kusoma. Wakaja watumwa na walioachwa huru. Wakaja Wangazija wenzake, ambao mjini walihesabiwa wageni. Wakaja Washihiri, yaani Waarabu maskini kutoka Hadhramaut waliokuwa wakifanya kazi za kubeba mizigo na biashara ndogondogo, na ambao waungwana wa Lamu waliwadharau ijapokuwa walitoka nchi ile ile wanayotoka masharifu.

Hakuwafundisha sura fupi tu. Aliwasomesha fiqhi na nahau na yaliyobaki, kitabu kwa kitabu, kama wanavyosomeshwa watoto wa wenye nyumba za mawe. Zaidi ya hayo alikuwa akiwatazama wagonjwa wao, akiwaombea na kuwapa dawa za miti shamba, na aliingia katika majumba yao ya makuti na kula chakula chao. Kwa mtu wa leo haya yanaweza kuonekana madogo. Kwa Lamu ya wakati ule, sharifu kukaa mkeka mmoja na mtumwa na kumfundisha maana ya Qur'ani lilikuwa jambo la kuutikisa mji.

Na mji ulitikisika. Wapo masharifu wa zamani na waungwana waliompinga waziwazi. Wengine walimwona mgeni asiyejua ada, wengine walihofia kwamba mtumwa akisha kusoma hatatii tena. Hofu hiyo ya pili, kwa maoni yangu, ndiyo iliyokuwa ya kweli, na hiyo ya kwanza ilikuwa ni vazi lake. Lakini walikuwa na shida moja kubwa: hawakuweza kumdharau. Angekuwa mtu wa kawaida wangemfukuza. Yeye walilazimika kumbusu mkono. Heshima waliyoijenga wao wenyewe kwa ajili ya masharifu ndiyo iliyomkinga sharifu huyu alipokwenda kukaa na wasiokuwa na heshima.

Wazazi wanaosoma makala haya na watoto wao wanaweza kufungua Sura ya 80, Suratu Abasa, wasome sababu ya kuteremshwa kwake: habari ya kipofu, Abdallah bin Ummi Maktum (R.A.), aliyekuja kutaka kufundishwa wakati Mtume (S.A.W.) akishughulika na wakubwa wa Makka. Mwenyezi Mungu aliweka wazi ni nani wa kutangulizwa. Sura hiyo watoto wetu huihifadhi wakiwa bado wadogo katika Juzuu Amma. Habib Saleh aliifanyia kazi.

Sasa tuje kwenye jambo ambalo limemfanya ajulikane hata huku kwetu bara, nalo ni maulidi. Kabla yake, Lamu na pwani nzima ilikuwa ikisomwa zaidi Barzanji, na ilisomwa kwa utulivu, na aliyekuwa akisoma ni mwenye kujua Kiarabu. Habib Saleh alikuwa na mawasiliano na mwanachuoni mkubwa wa Seiyun huko Hadhramaut, Habib Ali bin Muhammad al-Habshi, aliyefariki mwaka 1915, ambaye ndiye mtunzi wa maulidi yaitwayo Simtu Durar. Maulidi hayo, ambayo sisi tumezoea kuyaita Maulidi ya Habshi, Habib Saleh aliyaleta Lamu na kuyasoma kwa kaswida za kuitikiana na kwa kupiga matari.

Matokeo yake yalikuwa ya ajabu. Watu wa Langoni walikuwa na ngoma zao, na ngoma hizo waungwana walizihesabu ni upuuzi wa watumwa. Sasa mikono ile ile iliyojua kupiga ngoma ikapata kazi ndani ya kumtaja Mtume (S.A.W.), na sauti zile zile zikaitikia kaswida. Asiyejua kusoma alikuwa na nafasi yake katika safu, akiitikia pamoja na aliyesoma. Wanazuoni wamekhitalifiana juu ya matari msikitini, na wapo miongoni mwa wakubwa wa pwani waliolikemea jambo hilo. Si nia yangu kuufungua mjadala huo leo, kwani umeshachukua kurasa nyingi na umegombanisha majirani wengi. Ninachotaka msomaji akione ni kwamba kwa njia hiyo mamia ya watu waliokuwa wakisimama nje ya shughuli za dini, wakibeba maji na kupika pilau, waliingia ndani wakaketi.

Ndugu Waislamu, huenda mtu akasema: hayo ya kusoma na kaswida ni mazuri, lakini je, maskini wa Lamu walitoka katika umaskini? Swali hili ni la haki, na jibu lake linataka tuyatazame mambo ya serikali za wakati ule.

Tarehe 5 Juni 1873 Sultani Barghash bin Said wa Zanzibar alitia saini mkataba na Waingereza wa kuzuia kusafirisha watumwa kwa njia ya bahari na kuyafunga masoko yao. Mwaka 1890 Sultani Ali bin Said akapiga marufuku kuuza na kununua watumwa kabisa. Mwaka 1895 pwani ya Kenya ikawa chini ya himaya ya Uingereza, na mwaka 1907 utumwa ukaondolewa kisheria katika pwani hiyo, Lamu ikiwemo. Zanzibar na Pemba zilitangulia, mwaka 1897. Kwetu Tanganyika utumwa ulifutwa rasmi mwaka 1922, jambo ambalo vijana wengi hulishangaa wakiambiwa. Yaani wapo wazee tuliowakuta sisi tukiwa watoto ambao walizaliwa kabla yake.

Lakini tazama jinsi ilivyofanywa. Sheria ya 1907 ilipotoka, fidia ililipwa. Je, alilipwa nani? Alilipwa bwana aliyedai kwamba amepotezewa mali yake. Mtumwa aliyelima miaka 30 bila ya ujira hakulipwa hata pesa moja. Mwaka uliofuata, 1908, ikaja sheria ya kuandikisha hati za ardhi pwani. Mwenye ukoo, mashahidi na maandishi aliandikisha mashamba yakawa yake kwa hati ya serikali. Aliyekuwa mtumwa, aliyeyalima mashamba hayo kwa mikono yake, akajikuta ni mtu huru anayekaa katika ardhi ya mwingine kwa hisani tu. Huko pwani ya Kenya wajukuu na vitukuu vyao wameendelea kuitwa maskwota hadi katika zama zetu hizi. Uhuru ulitolewa kwa karatasi, na kwa karatasi hiyo hiyo mali ikabaki ilipokuwa.

Kwa hiyo tukiuliza nani aliwapa waliokuwa watumwa wa Lamu kitu ambacho hakuna hati ya kukiondoa, jibu mojawapo ni darasa la Langoni. Nalo lilitangulia: sheria ya 1907 ilipotangazwa, lilikuwa tayari lina miaka. Mtu aliyesoma pale alikuwa anaweza kuswalisha, kuozesha, kugawa mirathi, kufundisha watoto na kuandika barua na mikataba. Hizo ni kazi zenye heshima na zenye riziki, na kabla ya hapo zilikuwa za kurithiana ndani ya nyumba chache. Hakutajirika, lakini hakuwa tena mtu wa kusomewa kila karatasi na yule yule anayemdai.

Darasa lilipokua, pakajengwa msikiti. Ukaitwa Riyadha, kwa kufuata jina la msikiti na chuo cha Habib Ali al-Habshi kule Seiyun, na mwanzoni mwa karne ya 20 eneo lake likawekwa wakfu. Nataka tulisimamie neno hili wakfu, kwa sababu ndani yake ndimo lilimo jibu la mzee wangu wa Nduruma. Mali ya wakfu haiuzwi, hairithiwi wala haitolewi zawadi. Asili yake hubaki, na manufaa yake ndiyo yanayotumika kwa lile lililokusudiwa. Darasa likitegemea ada ya mwezi, mwalimu hana budi kumtazama mtoto kwa mfuko wa baba yake, hata awe mcha Mungu namna gani, kwani naye ana watoto wa kulisha. Darasa likiwa na wakfu wake, mwalimu anaweza kumtazama mtoto. Sisemi walimu wetu wa madrasa ni watu wabaya. Wengi wao wanaishi kwa shida kuliko hao wanaowarudisha nyumbani. Ninasema kwamba katika kata yetu hii yenye ardhi nzuri hivi na maji ya mlima, ni madrasa ngapi zina walau robo ekari ya mahindi au mgomba iliyowekwa wakfu kwa ajili ya mwalimu na watoto wa vibarua? Tunachangishana mamilioni kwa ajili ya minara na mazulia. Ekari moja hatujachangishana.

Lipo na jambo jingine ambalo Riyadha ilifanya, linalohusu nchi na nchi. Zamani kijana wa pwani akitaka elimu ya juu ya dini alihitaji kusafiri hadi Hadhramaut, Makka au Misri. Safari ya jahazi ilifuata pepo za msimu, ilichukua muda, na ilitaka nauli, masurufu na jamaa wa kumpokea. Mtoto wa tajiri alikwenda. Mtoto wa maskini alibaki na alichokipata kwa mwalimu wa mtaani, na kwa hiyo nchi maskini ikabaki kuwa mpokeaji wa wanazuoni kutoka nchi nyingine. Habib Saleh aliileta elimu ile karibu. Mwanafunzi alifika Lamu kutoka Mombasa, Tanga, Unguja au Ngazija kwa gharama ndogo, na baadaye wakaja hata wa bara ambao kwao Uislamu ulikuwa bado mchanga, wakapata pa kulala, chakula na darasa. Wakisha kuhitimu walirudi kufundisha makwao. Ndiyo maana maulidi yanayosomwa Lamu unayasikia leo katika miji na vijiji vilivyo mbali sana na bahari, na wasomaji wake wengine hawajapata kuiona bahari.

Hata hivyo mwanachuoni akiandika habari za wema lazima aandike kwa uadilifu. Habib Saleh hakuupindua mji wa Lamu. Hatukuti kwamba alisimama mbele ya mabwana kuwataka wawaache huru watumwa wao wote, wala hakuzigusa hati za mashamba. Hata kwenye Riyadha yenyewe heshima ya nasaba haikufutika: uongozi ulibaki katika kizazi chake, na wapo waliosema kwamba waliotoka chini ya waungwana waliishia kuwa wafuasi wa masharifu wapya. Neno hilo lina ukweli ndani yake, nasi hatuna sababu ya kulificha. Ngazi moja ilivunjwa, nyingine ikabaki imesimama. Lakini mimi humpima mtu kwa kile kilichokuwa mkononi mwake. Hakuwa liwali wala mwenye mashamba. Alichokuwa nacho ni elimu na nasaba, na vyote viwili alivitumia kwa ajili ya waliokuwa hawana. Wangapi miongoni mwetu wenye elimu na jina tunaweza kusema hivyo?

Anasifiwa pia kwa unyenyekevu wa maisha. Hii ndiyo njia ya Masada Alawiyya, ambao mkazo wao ni elimu, tabia njema na kuwahudumia watu, na masharti yake ni machache kwa mfuasi wa kawaida. Mimi mwenyewe nilisomeshwa kwanza madrasa na baadaye chuo kikuu, na katika vyuo vikuu tunafundishwa kuhesabu ukosefu wa usawa kwa kipato cha kaya na kwa ukubwa wa shamba. Hesabu hizo zinafaa, wala sizidharau. Lakini hazina safu ya kuandika nani ameketishwa nyuma.

Habib Saleh alifariki katikati ya miaka ya 1930, akiwa mzee wa umri mkubwa, akazikwa Lamu. Mji uliompinga ndio uliomzika. Mwanawe, Sayyid Ahmad Badawi, akaendeleza kazi, na baada yake ndugu na wajukuu. Mwaka 2001 mji mkongwe wa Lamu uliingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia, na zidaka na milango yake ya kuchongwa hutazamwa na wageni wa kila taifa. Nyingi katika nyumba za Mkomani zimebadilisha wenyewe, na nyingine zimenunuliwa na matajiri wa Ulaya. Riyadha haikununuliwa, kwa sababu wakfu hauuzwi.

Kila mwaka katika Mfungo Sita, mwezi wa kuzaliwa Mtume (S.A.W.), watu humiminika Lamu kutoka Kenya yote, Tanzania, Uganda na Komoro. Huzuru kaburi la Habib Saleh wakamsomea dua, kisha zefe hupita mjini na ufukweni, matari yakilia, wanafunzi wa vyuo mbalimbali wakiwa wamevaa kanzu nyeupe. Katika safu zile zinazoyumba kulia na kushoto huwezi kutambua ni kitukuu cha nani aliyekuwa akishikilia shiraa, na ni kitukuu cha nani aliyekuwa akitembea ndani yake.